Paka Kwenye Pama ya Mshenga

Jumanne asubuhi Karani alichuchumaa ndani ya karai la vyombo, akakunja mgongo, akafumba macho kama mzee anayesali rozari, na Magreth akamchapa mwiko wa mgongo.

"Mshenzi wewe! Manyoni yote hii, mchanga wa bure kila mahali, unakuja kunikojolea vyombo?"

Paka akaruka, akatua kwenye majivu ya jana, akachuchumaa tena palepale. Eliana alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Alicheka mpaka mchele ukamwagika.

"Mama, huyo leo anatafuta choo cha kulipia."

"Cheka tu. Jumamosi akiwafanyia hivyo wakwe zako, utacheka?"

Eliana akaanza kuokota mchele. Jumamosi ndiyo siku watu wa Kinampanda walikuwa wanaleta posa yake. Tangu tarehe ijulikane, kila kitu katika nyumba ile kilikuwa kinapimwa kwa Jumamosi: pazia litafaa Jumamosi? Kuku yule atakuwa amenenepa Jumamosi? Sasa na paka naye.

Magreth akalimwagia karai maji na sabuni, akasugua kwa hasira. Kama angeinama kidogo kabla ya kumwaga, angeona karai ni kavu kabisa. Lakini alikuwa amekasirika, kwa hiyo hakuangalia, aliosha.

Karani alikuwa dume la kijivu lenye kifua cheupe kama shati la ofisini. Mumewe Magreth, Gaspari, alimleta akiwa mdogo kutoka ghala la mizigo pale stesheni, wakati Gaspari mwenyewe akiwa karani wa ghala hilo. Miaka ya mageuzi ilipokuja na orodha za kupunguza watu, jina la Gaspari likawa la nne kutoka juu. Watani wake wakasema sasa kwa Gaspari amebaki karani mmoja tu, na ana mkia. Gaspari alicheka nao. Siku hizi alikuwa anakaa barabara ya Dodoma na mizani ya mtu mwingine, akiwapimia wafanyabiashara magunia ya alizeti.

Lakini mwenye paka hasa alikuwa Bibi Magdalena, mama yake Gaspari. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akawa anaona mwanga na vivuli tu. Karani alilala miguuni pake kila siku. Akiruka kutoka kitandani kabla mlango haujagongwa, bibi alijua kuna mtu anakuja. Akibaki amelala, bibi alijua ni upepo.

Kelele za mwiko zilimfikia bibi chumbani.

"Magreth! Mbona unampiga?"

"Anachafua vyombo, mama."

"Huyo halii kilio cha kupigwa. Ameanza kulia kabla hujampiga."

"Mama, na mimi nitalia sasa hivi," Magreth akasema, lakini kwa sauti ya chini, maana mama mkwe ni mama mkwe.

Bibi akaomba maji. Eliana akaenda kwenye ndoo, akafunua kifuniko, akachota, akafunika, akampelekea. Bibi akanywa mafunda mawili, akarudisha kikombe.

"Yana joto. Yananuka duka."

Ndoo ilikuwa mpya, ya bluu, ya plastiki, yenye mfuniko unaobana mpaka unasema *ta*. Magreth aliinunua kwa pesa ya upatu, zamu yake ilipofika. Miaka michache nyuma watu walipanga foleni kutwa kwa kipande cha sabuni. Sasa sokoni plastiki zilikuwa zimepangwa mpaka barabarani, nyekundu, kijani, njano, chagua mwenyewe. Na bwana afya alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na habari za kipindupindu: maji yafunikwe, yafunikwe, yafunikwe. Kwa hiyo mtungi wa bibi, uliokaa kwenye kona ya sebule juu ya mafiga matatu na mchanga chini yake, ulitolewa. Gaspari aliubeba mwenyewe, akaupindua nyuma ya choo.

"Mshenga aingie aone mtungi wa udongo sebuleni," Magreth alisema siku ile, "mwaka huu? Atasema tumemlea mkwe wao mtarajiwa kwenye pango."

Hiyo ilikuwa wiki ya nne sasa.

---

Jumatano Karani alichuchumaa juu ya nguo za kufua. Alhamisi asubuhi akachuchumaa kwenye kiatu cha Gaspari, kile cha ngozi, kilichobaki kutoka enzi za kazi. Akajikamua, akalia mlio mrefu wa kukwaruza, akatoka, akaenda hatua tatu, akachuchumaa tena sakafuni. Kisha akakaa, akanyoosha mguu mmoja juu, akaanza kujilamba chini ya mkia, akajilamba, akajilamba, kama mtu anayefuta doa lisilotoka.

"Ona," Eliana akasema, "paka akijilamba hivyo wageni wanakuja. Anawaogea wakwe zangu."

"Tena huyu anaoga tangu juzi," Magreth akasema. "Sijui anadhani wanakuja basi zima."

Wakacheka, hata Gaspari. Kicheko kile Eliana angekuja kukikumbuka akiwa mwanamke mwenye watoto wake, kila akiona paka ameinua mguu.

Gaspari akachukua kiatu, akakinusa. Hakikunuka kitu zaidi ya kiatu. Akakipangusa hivyohivyo.

"Nasema hivi," akatangaza, "akirudia tena, namtia kwenye gunia, navuka naye reli, namwacha kule porini. Jumamosi sitaki aibu. Nimeshaaibika vya kutosha mwaka huu."

Bibi Magdalena alikuwa ametoka kwa kupapasa ukuta, akasimama mlangoni.

"Gaspari. Haji tena kulala miguuni pangu."

"Afadhali, mama. Upumzike na viroboto."

"Jana nilimwita, hakuja. Nikamtafuta kwa mikono, nikamkuta chini ya kitanda, kwenye sakafu ya baridi. Manyoya yake yamekuwa makavu kama katani. Nimemshika tumbo. Gumu kama kiazi."

"Kashiba panya."

"Dagaa hajagusa."

"Si nakwambia kashiba panya? Atakula dagaa za nini?" Gaspari akavaa kiatu. "Mama, huyu paka ana kiburi. Ameona kuna hekaheka ya posa, hatazamwi, anataka atazamwe. Hata watoto wanafanya hivyo."

"Wewe ulipokuwa mtoto na ukafanya hivyo, nilikutazama."

Gaspari akaangalia saa mkononi ingawa saa yenyewe ilisimama toka Pasaka.

"Na huo mtungi wangu," bibi akaendelea.

"Mama, tena mtungi!"

"Usiku nilikuwa naamka nasikia unadondosha. Ti. Ti. Naye anaenda kunywa, nasikia ulimi wake. Sasa nyumba imekuwa kimya kama ya wafiwa."

"Usitaje wafiwa wiki ya posa, mama, tafadhali," Magreth akasema.

Na kweli bibi hakutaja tena. Akarudi chumbani, akapiga magoti kwa shida, akaingiza mkono chini ya kitanda, akauacha pale ili paka akitaka aulalie. Karani hakuulalia.

---

Jumamosi saa sita mchana watu wa Kinampanda waliteremka kwenye basi wakiwa wawili. Mbele mshenga, Mzee Obadia, mrefu, mwembamba, koti la kaki na pama ya kahawia kichwani. Nyuma yake Damiani, baba mdogo wa kijana anayetaka kuoa, mfupi, mnene, kabeba mfuko wa khanga kwa mikono miwili. Gaspari alikuwa ameuliza habari za mshenga akaambiwa ni mfanyabiashara wa kuku, anawakusanya vijijini anawapeleka Dodoma. Hilo lilimtosha. Hakuna aliyemwambia kwamba kabla ya kuku Obadia alikuwa bwana mifugo wa tarafa kwa miaka ishirini na miwili, akapunguzwa mwaka uleule aliopunguzwa yeye.

Eliana akapita na jagi na beseni, amepiga goti. "Shikamooni."

"Marahaba, mama, marahaba," Damiani akajibu haraka, akimtazama kwa macho ya mtu aliyetumwa kwenda kutazama.

Bibi Magdalena aliongozwa akakalishwa kwenye kiti chake. "Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo, nao wakaitikia vile walivyoweza.

Obadia akavua pama, akaiweka kwenye kigoda pembeni yake, kinywa juu. Kwao Kinampanda, na kwa Gaspari vilevile, mshenga akishavua kofia hataji ugonjwa wala kifo mpaka ale na anawe. Akitaja kabla ya hapo, posa imeugua. Ataambiwa arudi mwezi ujao, na mara nyingi mwezi ujao haufiki.

"Sisi ni wapita njia," Obadia akaanza. "Tumepita mara mbili, mara tatu, tukaona hapa kuna moto unawaka vizuri. Na kule nyumbani kijana wetu anakula ugali wa baridi."

"Moto upo," Gaspari akasema. "Ila Manyoni kuni ni ghali."

"Tumekuja na shoka."

Wakacheka. Magreth nyuma ya pazia akapumua. Ilikuwa inaenda.

"Na kanisa?" Gaspari akauliza. "Nyinyi Walutheri, sisi Wakatoliki."

"Nyoka akiingia humu ndani, mzee mwenzangu, tutakimbilia mlango mmoja."

Walikuwa bado wanacheka Karani alipotoka chumbani kwa bibi.

Alitembea polepole, miguu ya nyuma ameitanua, tumbo limening'inia. Akapita mbele ya Damiani, akapita mbele ya Gaspari aliyekuwa anamfanyia ishara ya jicho, kana kwamba paka anaelewa ishara za jicho. Akafika kwenye kigoda. Akatazama juu. Akajivuta kwa kucha, mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akapanda. Akaingia ndani ya pama ya mshenga, akajizungusha, akachuchumaa.

Hakuna aliyesogea. Paka akafumba macho, akajikamua mpaka masikio yakalala, akatoa ule mlio wa kukwaruza katikati ya posa ya watu.

Damiani akafunika mdomo kwa mfuko wa khanga. Mabega yakawa yanamcheza.

"Hah!" Gaspari akacheka kwa nguvu, peke yake. "Paka wetu huyo! Anawakaribisha!" Akamnyakua kwa ngozi ya shingo, akatoka naye uani akiwa bado anacheka, na kicheko kikakatika alipofika nyuma ya nyumba. Pale kulikuwa na gunia tupu la alizeti. Akamtumbukiza, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba ya katani, akalisukuma nyuma ya choo, kando ya mtungi uliopinduliwa. Karani hakumparura hata kidogo. Baadaye Gaspari angejiuliza sana kuhusu hilo: paka dume unamtia kwenye gunia, na hakupi hata alama moja.

Ndani, Obadia alikuwa ameichukua pama yake. Magreth alikuwa ameshapiga magoti mbele yake na kitambaa cha maji.

"Baba, nisamehe, lete niisafishe, aibu gani hii, lete..."

"Haina kitu, mama."

"Nisafishe tu."

"Mama, haina kitu. Kavu."

Akaigeuzia dirishani, akaangalia ndani. Ilikuwa kavu kweli, ila kwenye bitana palikuwa na tone moja jekundu, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Obadia akaligusa kwa kidole. Akamkumbuka beberu wa mzee fulani kule Kisiriri, mwaka ule wa ukame. Akawakumbuka maksai wawili. Wote walisimama vile, miguu imetanuka, wakijikamua, na wenyewe wakisema ni mkaidi tu huyu. Akafungua mdomo.

Damiani akamkanyaga mguu.

"Mbona unanikanyaga?"

"Kula kwanza," Damiani akanong'ona. "Umevua kofia. Kula, unawe, ndio uanze udaktari wako."

Gaspari akarudi akipangusa mikono. "Samahanini sana. Tuendelee."

Obadia akamtazama bibi. Bibi alikuwa amegeuza uso kuelekea mlango wa uani. Obadia akafunga mdomo.

---

Chakula kikaja: wali, kuku wa mchuzi, mchicha, na katikati ya meza kisahani cha bati chenye ua jekundu, kimewekwa limau na pilipili. Bibi alipopapasa kutafuta limau, vidole vyake vikasimama kwenye ukingo uliomenyeka.

"Hiki ni cha Karani."

"Nimekiosha kwa maji ya moto, mama," Magreth akasema haraka, akiwatabasamulia wageni. "Kilikuwa kimekaa tu."

"Kilikuwa hakijakaa. Kilikuwa chini ya mtungi."

Obadia alikuwa anakula mbio. Alimeza wali bila kutafuna, akavunja paja la kuku, akaliacha nusu, akatafuta kwa macho mahali lilipo beseni la kunawia. Magreth akamwona kupitia pazia.

"Mshenga wa watu ana njaa," akamwambia Eliana jikoni. "Sijui kwao hawajala tangu jana. Ongeza wali."

Wali ukaongezwa. Na ukiongezewa wali kwenye posa hunawi, unakula. Obadia akala. Alipomaliza, Gaspari, aliyekuwa bado anaungua na aibu ya pama, akaona njia ya kuifuta ni kuwakirimu zaidi. Akamtuma Eliana dukani kwa soda. Soda nne, za baridi, za kukopa. Zikachelewa. Zilipokuja, akasimulia habari za ghala la mizigo: behewa lililopotea likapatikana Tabora, mwanamke aliyetuma godoro likafika na mtu amelala ndani. Damiani alicheka mpaka akalia. Obadia alicheka anapopaswa kucheka, akazungusha chupa ya soda mkononi.

"Gaspari," bibi akasema katikati ya hadithi. "Karani analia wapi?"

"Ametoka kutembea, mama."

"Sauti inatoka chini. Kama kwenye shimo."

"Mama, wageni."

Bibi akatega sikio. Baada ya muda akasema tena, si kwa mtu yeyote, "Sasa halii."

Ilikuwa yapata saa kumi beseni la kunawia lilipoletwa. Obadia alinawa haraka, maji yakamwagikia koti. Akavaa pama yake na kusimama, na Gaspari naye akasimama akidhani kuna hotuba.

"Mzee mwenzangu, posa imekula, imenawa," Obadia akasema. "Sasa nionyeshe yule paka."

"Paka?"

"Anaumwa. Mkojo umeziba. Yuko wapi?"

---

Kamba ya gunia ilikuwa imekazwa vizuri. Gaspari alifunga magunia kila siku. Vidole vyake vilimshinda kufungua fundo lake mwenyewe, mpaka Eliana akaleta kisu.

Karani alikuwa amelala ubavu. Alikuwa hai. Mdomo ulikuwa umelowa mate, macho yalikuwa wazi na hayaangalii kitu. Obadia akapiga magoti mchangani na koti lake la posa, akaweka vidole viwili chini ya tumbo.

"Mungu wangu. Kama chungwa." Akamgeukia Magreth. "Kitambaa na maji ya uvuguvugu. Na mafuta yoyote, ya kula. Upesi."

Kumbe ile mikono mirefu ya kukamatia kuku ilikuwa na kazi nyingine. Alimpaka mafuta, akamkanda kwa ncha za vidole, chini ya mkia, polepole, akisema naye kwa Kinyiramba kama anavyosemeshwa mtoto. Matone matatu ya damu yakatoka. Kisha chembe moja nyeupe, kama mchanga. Kisha basi.

"Ameanza lini?"

"Jumanne," Magreth akasema. "Alichuchumaa kwenye karai."

"Mkojo ulitoka?"

Magreth akafikiri. Uso wake ukabadilika. "Sijui. Niliosha."

"Kwenye kiatu haukutoka," Gaspari akasema. "Nilinusa."

"Anajilamba?"

"Tulisema anaoga," Eliana akajibu, akaanza kulia. "Tulisema anawaogea nyinyi."

"Kula?"

Wote walikuwa wameambiwa kuhusu dagaa, na aliyewaambia alikuwa amesimama nyuma yao, ameshika ukuta wa choo. Hakusema "niliwaambia." Ingekuwa afadhali angesema.

"Jumanne, hata Alhamisi, ningekanda, pengine angekojoa," Obadia akasema. "Sasa sumu imempanda. Angalia masikio, baridi." Akaendelea kukanda hata hivyo. "Dagaa wa chumvi, na jua hili. Huwa anakunywa wapi maji?"

"Ndani," Magreth akasema. "Kwenye ndoo."

"Ndoo ipi?"

"Ile ya bluu. Ya mfuniko."

Obadia akainua uso. Magreth alisikia maneno yake mwenyewe yanamrudia, ya mfuniko, akaona ule mfuniko unavyobana, *ta*, na jinsi alivyowagombeza wote kwa wiki nne wasiuache wazi. Akaweka mkono mdomoni.

"Alikuwa anakunywa chini ya mtungi," bibi akasema.

Mtungi ulikuwa pale, umepinduliwa, hatua moja kutoka kwenye gunia, mkavu, buibui ameshatanda utando kwenye shingo yake.

"Nipeni," bibi akasema. Wakamkalisha kwenye ngazi ya choo, maana hapakuwa na pengine, wakamwekea paka mapajani. Akampapasa kichwa, akashuka na mgongo ule mkavu. Karani akanyoosha mguu mmoja wa mbele, akauweka kwenye kifundo cha mkono wa bibi. Wakakaa hivyo mpaka mguu ukalegea.

Damiani, ambaye hakuwa mtu mbaya, akavua kofia yake ya mshono na kuikunja.

"Wewe, mgeni," bibi akasema. "Unajua mambo haya tangu lini?"

"Nilikuwa bwana mifugo, mama."

"Nauliza leo. Ulijua saa ngapi?"

Obadia akafuta mafuta mikononi. Angeweza kusema ameshuku tu. "Saa saba. Alipopanda kwenye pama."

"Saa saba ukajua."

"Nikajua, mama."

"Ukala."

"Nikala."

"Na wali ukaongezewa."

"Nikaongezewa."

Bibi akatikisa kichwa polepole. "Ulikuwa umeiva?"

"Ulikuwa umeiva, mama," Obadia akasema.

Gaspari alichimba shimo mwenyewe, kwa jembe, chini ya mchongoma, akachimba refu kuliko paka anavyohitaji. Alipotafuta kitambaa cha kumfungia, Obadia akavua pama, akaikunja kingo, akamlaza Karani ndani. Alienea vizuri.

"Mzee, pama yako..."

"Mwacheni nayo. Aliitaka."

Jua lilikuwa linashuka wageni walipoenda kusubiri basi, mshenga kichwa wazi, upara unang'aa.

"Watu wakikuona hivyo watadhani tumekataliwa," Damiani akasema.

"Wadhani."

---

Hawakukataliwa. Jibu lilipelekwa wiki iliyofuata, la ndiyo, na Eliana akaenda Kinampanda mwaka uliofuata na khanga zake. Lakini hayo ni ya baadaye.

Jumatatu, kabla ya kwenda kwenye mizani, Gaspari alienda nyuma ya choo, akaukumbatia mtungi, akaurudisha sebuleni. Magreth alimwona, akasogeza meza bila kuambiwa. Akaosha mtungi mara mbili. Akapanga mafiga, akasawazisha mchanga, akamimina madebe mawili ya maji ya kununua. Kisha akatoka jikoni na kile kisahani cha ua jekundu. Alikuwa amekisugua kwa majivu, lakini harufu ya pilipili ilikuwa bado ipo. Akakiweka palepale, chini kabisa.

Mtungi ukikauka hautoi maji siku ya kwanza. Unakunywa wenyewe kwanza. Jumatatu yote ulikaa kimya. Jumanne mchana Gaspari alirudi kula, na akiwa ameshika tonge, akasikia.

Ti.

Wote wakasimamisha mikono. Ti. Baada ya muda, ti.

"Gaspari," bibi akaita kutoka chumbani.

"Naam, mama."

"Umeurudisha."

"Nimeurudisha, mama." Akatafuta cha kuongeza. Alikuwa amekitafuta tangu Jumamosi, barabarani, kwenye mizani, kitandani. "Maji yatakuwa ya baridi sasa," akasema.

"Na kisahani umekiweka?"

"Magreth amekiweka."

Ti, mtungi ukasema. Ti, tena, mpaka Gaspari akadhani bibi amesinzia.

"Kiondoe," akasema.

"Mama?"

"Kiondoe, mwanangu. Yadondokee mchangani. Mchangani hayasikiki."

Gaspari akainuka, akapiga magoti kwenye kona, akakitoa kisahani kwa mikono miwili asimwage. Kilikuwa na maji kidogo, safi, ya baridi, ya kumtosha paka mmoja. Akasimama nayo katikati ya sebule, mbele ya mkewe na binti yake, hajui ayapeleke wapi.